Tuta la Mfalme Offa lilimzuia nani?

Msomaji mmoja, muuguzi anayeishi Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Juzi wenzangu wa kazini walinipeleka Knighton, mpakani mwa Wales, kutembea milimani, wakanionyesha tuta refu la udongo lenye handaki pembeni. Wakasema mfalme Offa alilijenga kutoka bahari hadi bahari ili kuwazuia Wawelshi. Mimi nilishuka handakini nikapanda juu ya tuta kwa muda usiofika dakika moja. Sasa lilimzuia nani? Na ni kweli mtu mmoja alilijenga lote?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo vitabu vingi vimelisahau: umelipima tuta kwa miguu yako. Jibu langu litakuwa refu kidogo, kwa sababu nikikuambia tu kwamba ni mpaka wa kale nitakuwa nimekudhulumu.

Kwanza tuliweke tuta lenyewe mbele ya macho, maana ulilopanda wewe ni mabaki yaliyonyeshewa mvua kwa miaka 1,200. Pale lilipohifadhika vizuri, tuta na handaki lake huchukua upana wa karibu meta 20, na tuta husimama kama meta 2 na nusu juu ya ardhi ya kawaida. Handaki nalo limejaa udongo ulioporomoka, majani yaliyooza na kinyesi cha kondoo, hata mahali pengine limebaki bonde dogo tu ambalo mtoto analiruka. Wachimbaji walipoliondoa jazo hilo walikuta handaki lililokuwa na kina cha meta 2 hivi. Jumlisha: mtu aliyesimama chini ya handaki siku lile lilipokuwa jipya alitazama juu meta 4 au zaidi. Na hakutazama mteremko laini wenye nyasi kama uliouona. Mahali kadhaa uso wa tuta ulipangwa kwa mapande ya udongo yenye nyasi na mizizi yake, moja juu ya jingine kama matofali, ili ubaki wima.

Handaki liko karibu kila mahali upande wa magharibi, yaani upande wa Wales. Aliyepanga njia ya tuta alikuwa na jicho kali. Alipenda kulipitisha kwenye mabega ya milima yanayoangalia magharibi, ili aliyesimama juu yake aone mbali ndani ya Wales, huku anayetoka huko akilazimika kupanda. Ukiwa Llanfair Hill, kaskazini kidogo ya Knighton, kwenye meta 430 hivi juu ya usawa wa bahari, utaliona jambo hilo bila kuhitaji mwalimu.

Kuhusu nani alilijenga, ushahidi wetu wa maandishi ni mwembamba. Offa alitawala Mercia, ufalme wa katikati ya Uingereza, kuanzia mwaka 757 hadi 796. Hakuna hati hata moja ya wakati wake iliyobaki inayolitaja tuta hili. Anayelitaja kwanza ni Asser, aliyeandika maisha ya mfalme Alfred mwaka 893, karibu miaka 100 baada ya kifo cha Offa. Anasema alikuwako Mercia mfalme mwenye nguvu aliyewatia hofu wafalme wote waliomzunguka, jina lake Offa, naye akaamuru lijengwe tuta kubwa kati ya Wales na Mercia, kutoka bahari hadi bahari. Asser mwenyewe alikuwa Mwelshi, mtu wa St David's, kwa hiyo hatukabidhiwi hapa majigambo ya Waingereza. Hii ni kumbukumbu ya upande wa pili, wa wale waliochimbiwa handaki. Ndiyo maana mimi naipa uzito.

Lakini hayo maneno "kutoka bahari hadi bahari" yachukue kwa tahadhari. Bede, mtawa aliyemaliza historia yake mwaka 731, alitumia maneno ya namna hiyohiyo kueleza boma la mfalme wa Roma, Severus. Mtu msomi kama Asser alipotaka kumkuza mfalme, maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni mwake.

Ukilifuata tuta kwa miguu, ukweli ni wa vipandevipande. Kipande cha katikati, kutoka Rushock Hill huko Herefordshire hadi karibu na Treuddyn kaskazini, ni kilomita 103 hivi, na huko tuta linakwenda bila kukatika sana. Palipo na pengo kubwa, karibu na Buttington, mto Severn wenyewe ndio uliochukua kazi ya mpaka kwa kilomita kadhaa. Kusini mwa Rushock Hill unakuta mapande mafupi tu, kisha kimya, halafu tuta jingine linajitokeza juu ya bonde la mto Wye na kuishia Sedbury, kwenye jabali linaloangalia maji ya Severn. Kaskazini halifiki baharini Prestatyn, hata kama njia ya watembea kwa miguu inafika.

Cyril Fox, aliyelipima tuta miaka ya 1920 na 1930, alivihesabu vipande vyote kuwa kazi moja. Alieleza mapengo kwa kusema kwamba misitu minene ilitosha kuwa kizuizi, na akaona tuta ni mpaka uliokubaliwa na pande zote mbili. David Hill na wenzake, waliochimba kuanzia miaka ya 1970, walikataa. Kwao tuta la Offa ni lile la katikati tu, na lilijengwa dhidi ya ufalme mmoja wa Wawelshi, Powys. Waliokuja baada yao wameanza kukirudisha kipande cha Wye. Mimi niko na hao wa mwisho, kwa sababu tabia ya kuchagua bega la mlima na kuangalia magharibi ni ileile kule Wye kama ilivyo Llanfair Hill. Lakini kwa habari ya Powys, Hill alikuwa na hoja nzito, na ushahidi wake umesimama mpaka leo karibu na Llangollen.

Ni nguzo ya mawe iliyovunjika, iitwayo Nguzo ya Eliseg. Aliyeisimamisha ni Cyngen, mfalme wa Powys katika karne ya 9, kwa heshima ya babu wa baba yake, Elisedd. Maandishi yake hayasomeki tena, yameliwa na hewa, ila bahati nzuri Edward Lhuyd aliyanakili mwaka 1696. Yanasema Elisedd aliirudisha nchi ya Powys kutoka mikononi mwa Waingereza kwa upanga na moto. Sasa weka hilo kando ya kumbukumbu za mwaka za Wawelshi, zinazotaja vita ya Hereford mwaka 760, kisha Offa akiwashambulia Wawelshi mwaka 778 na tena mwaka 784. Unapata picha ya mpaka unaovuja damu kutoka pande zote mbili. Mimi siuoni mkataba wa amani wa Fox katika picha hiyo.

Kuna jambo moja la tarehe nikueleze, maana bila shaka utalikuta mtandaoni. Karibu na Chirk, baada ya kipande cha tuta cha meta 45 kusawazishwa kwa tingatinga mwaka 2013, wanaakiolojia walichukua sampuli hapo jirani, na vipimo vya kaboni vikatoa miaka kati ya 430 na 652. Magazeti yakatangaza kwamba Offa hakujenga tuta lake. Wewe ni mtu wa hospitali, unajua kipimo hujibu swali lake tu. Kaboni hii inatoka kwenye mabaki ya mimea yaliyomo ndani ya udongo uliochotwa kujengea. Inakuambia mimea ile ilikufa lini. Ukijenga leo kwa udongo wa bustani ya babu yako, nyumba haiwi na umri wa babu.

Funzo hilo tulikuwa tumeshalipata kwa jirani yake, Tuta la Wat, lenye urefu wa kilomita 64 hivi, linalokwenda sambamba na la Offa upande wa mashariki. Huko nako mkaa wa jiko la zamani lililokutwa chini ya tuta ulitoa karne ya 5, na wengi wakaruka wakasema ni kazi ya enzi za mwisho za Warumi. Baadaye, Gobowen, ikatumika mbinu nyingine inayopima ni lini chembe za mchanga ziliona mwanga wa jua kwa mara ya mwisho kabla ya kufunikwa, na jibu likaangukia mwanzoni mwa karne ya 9. Tuta la Wat basi ni kazi ya warithi wa Offa. Kwa tuta la Offa lenyewe, inawezekana pahala fulani lilipita juu ya mpaka mdogo wa zamani zaidi. Hilo halimwondoi Offa.

Waliwezaje bila mashine? Kwa watu. Falme za Waingereza wa karne ile zilikuwa na desturi ambayo wenye ardhi hawakuweza kuikwepa. Mwaka 749, pale Gumley, mfalme Æthelbald aliyemtangulia Offa aliyasamehe makanisa mizigo mingi, lakini hakuyasamehe kujenga madaraja na kuzitetea ngome. Kila eneo lilidaiwa nguvukazi kulingana na ukubwa wa ardhi yake. Mfalme mwenye daftari la deni kama hilo anaweza kuita maelfu ya wakulima, kila kundi lije na sepeto zake za mbao zilizovikwa chuma mdomoni, na vikapu vyake, na chakula chake, lipewe kipande chake cha kuchimba.

Nakwambia "kipande chake" kwa sababu alama za makundi bado zinaonekana. Nenda Hergan, karibu na Clun. Tuta linakuja kutoka kusini kwa mwelekeo mmoja, jingine linashuka kutoka kaskazini, na mahali yanapokutana hayakutani vizuri. Kuna kona ya ghafla, na hata namna ya kuchimba inabadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Fox aliliona hilo akaelewa papo hapo. Makundi mawili yalianza kila moja kwake, yakielekeana, na pale katikati mtu alikosea mstari, kisha wakalazimika kuunga. Mimi nimesimama kwenye kona ile mara nyingi, na kila mara nawaona wale wanyapara wawili wakitazamana, mguu mmoja ndani ya handaki, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba ni yeye aliyepotoka.

Sasa nirudi kwenye swali lako lenyewe: lilimzuia nani?

Jeshi halikuzuiwa. Kilomita zaidi ya 100 za tuta hazilindiki kwa watu waliojipanga juu yake, na wachimbaji hawakukuta mstari wa ngome wala kambi za askari kama zile za Warumi kwenye boma la Hadrian, ukuta wao wa kaskazini mwa Uingereza. Mtu mmoja mwenye miguu mizima hakuzuiwa pia. Wewe umethibitisha.

Lililozuiwa, kwa maoni yangu, ni ng'ombe.

Fikiria uvamizi wa zama zile ulivyokuwa. Watu kumi wanavuka usiku kutoka Powys, bila mzigo, kimya. Handaki linawachelewesha kidogo tu. Wanafika kijiji cha Mercia bondeni, wanakata zizi, wanaswaga ng'ombe thelathini. Kuja kulikuwa rahisi. Kazi ni kurudi. Kabla ya mapambazuko wanafika kwenye tuta kutoka upande wa mashariki. Ng'ombe wanapanda mteremko wa nyuma bila taabu, wanafika juu, na mbele yao ni ukuta wa udongo unaoshuka meta 4 hadi chini ya handaki lenye giza. Ng'ombe hashuki hapo. Umchape umchapavyo, atageuka. Wa mbele wakigeuka, wa nyuma wanasukumana, kundi linatawanyika. Wezi wana mawili ya kuchagua: kubomoa tuta ili wapate njia, kazi ya saa nzima huku kelele za wenye mali zikikaribia nyuma yao, au kuambaa kando yake wakitafuta pa kupita, na nyayo za ng'ombe thelathini zikiandikwa kwenye udongo nyuma yao. Aliyekulia Tarime au Pokot hahitaji kuelezwa nyayo hizo maana yake nini. Na upande wa Mercia, wapanda farasi wachache wanaozunguka kila asubuhi wangetosha kuona mahali tuta lilipobomolewa.

Huu ni mtazamo wangu, lakini siutoi hewani. Kutoka karne ya 10 tumebakiwa na makubaliano yaliyoandikwa kati ya Waingereza na Wawelshi waliokaa pande mbili za mto kwenye mpaka huu, watu walioitwa Dunsæte. Nenda ukayasome, yatakushangaza. Jambo la kwanza kabisa linaloshughulikiwa ni nyayo za mifugo iliyoibwa. Mwenye mali akizifuata nyayo hadi ukingo wa mto, anawakabidhi wenye ardhi ya ng'ambo kazi ya kuzifuata, na kuanzia hapo deni ni lao. Bei zimeandikwa: dume la ng'ombe ni peni 30, jike ni peni 24. Wanateuliwa watu 12 wajuao sheria, 6 Waingereza na 6 Wawelshi. Halafu kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Hakuna Mwelshi kuingia nchi ya Waingereza, wala Mwingereza kuingia ya Wawelshi, bila mtu maalumu wa nchi ile kumpokea ukingoni na kumrudisha hapohapo bila hila. Mto ule ulifanya kazi ileile ninayoamini tuta lilifanya. Ulikata safari mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa: unakwenda wapi, na hawa ng'ombe ni wa nani?

Mahali pa kuulizia panahitaji mlango, na hapo hoja yangu inabanwa. Hill na wenzake walichimba mianya mingi iliyodhaniwa kuwa malango ya kale, na mianya hiyo ikaonekana kuwa imekatwa baadaye. Mimi nadhani ruhusa ilitolewa kwenye vivuko vya mito, ambako tuta linakatika lenyewe.

Siwezi kumaliza kwa ng'ombe peke yake, kwa sababu huyu Offa alikuwa mtu wa kujionyesha. Charlemagne, mtawala mkubwa kuliko wote wa Ulaya Magharibi, alimwandikia barua mwaka 796 akimwita ndugu. Sura ya mkewe Cynethryth ilipigwa kwenye sarafu, jambo la nadra mno kwa malkia wa Ulaya ya wakati huo. Na katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna dinari ya dhahabu yenye jina lake ambayo nakuomba ukaione siku ukipata likizo. Imenakiliwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, ambao ni 773 au 774. Maneno ya Kiarabu yamo, hakuna mungu ila Allah peke yake, hana mshirika. Katikati yake wamepachika OFFA REX, mfalme Offa, kwa herufi za Kilatini zilizosimama kichwa chini ukilinganisha na Kiarabu. Fundi aliyeichonga hakujua anachonga nini. Alijua tu kwamba dhahabu yenye alama hizo inaaminika duniani. Zama hizohizo, huko Shanga kisiwani Pate, Waislamu wa pwani yetu walikuwa wakiswali katika msikiti mdogo wa miti.

Mfalme wa namna hiyo akichimba handaki la kilomita zote hizo, ujumbe wake unafika hata kwa asiyekuwa na ng'ombe. Mkulima wa Powys aliyeamka asubuhi akaona mlima wa jirani umekatwa kwa mstari wa udongo mwekundu, upeo wa macho hadi upeo wa macho, alijua ni nani mwenye uwezo wa kuita watu. Ujumbe huo ulidumu. Katika karne ya 12, John wa Salisbury aliandika kwamba Harold, mfalme wa Waingereza aliyekufa vitani Hastings mwaka 1066, aliamuru Mwelshi yeyote atakayekutwa na silaha ng'ambo ya tuta akatwe mkono wa kulia. Miaka 270 baada ya Offa, bado tuta ndilo lililotumika kupimia nani yuko kwake na nani hayuko kwake.

Leo halipimi kitu. Mpaka wa sasa ulitokana na sheria za karne ya 16 zilizoiunganisha Wales na Uingereza, na unafuatana na tuta katika sehemu chache tu, kwa mfano karibu na Montgomery. Njia ya watembea kwa miguu iliyofunguliwa Knighton mwaka 1971, yenye kilomita 285, inavuka mpaka zaidi ya mara 20. Hata Knighton yenyewe, kama ulikwenda kwa treni, ulishuka kwenye kituo kilichoko Uingereza, ukavuka mto Teme, ukaingia mji ulioko Wales. Kwa Kiwelshi mji huo unaitwa Tref-y-Clawdd, mji wa tuta.

Ukirudi tena, usitembee juu ya mgongo wa tuta. Miguu ya watu na kwato za mifugo zinalimega kila mwaka. Panda hadi Llanfair Hill, ushuke ndani ya handaki, uipe Wales mgongo, utazame juu. Ongeza meta moja na nusu kwa akili yako, ondoa nyasi zote, uweke udongo mtupu uliolowa. Kisha pita pale ng'ombe wa jirani wanapopitia, uzunguke upande wa mashariki, upande taratibu mpaka juu, na utazame chini kama vile una ng'ombe thelathini mbele yako na kumeanza kupambazuka.